Uteuzi na Kura: Jinsi Wajumbe wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili Walivyopatikana, 1930–1964

Chombo chochote cha wataalamu hustahili kuulizwa maswali mawili: kimefanya kazi gani, na ni nani aliyewaweka vitini wale wanaokiendesha. Kuhusu Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, swali la kwanza limekwisha kujibiwa kwa urefu. Kamusi zake zinajulikana, na tahajia iliyoithibitisha ndiyo itumikayo hata leo. Swali la pili hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha likaachwa. Makusudio ya makala haya ni kulirudia swali hilo la pili na kuonyesha kwamba mengi yaliyolaumiwa katika kazi ya Kamati yalianzia katika namna viti vyake vilivyojazwa.

Yafaa kwanza kupambanua njia mbili za kupata wajumbe. Katika njia ya kura, mwanachama hupendekezwa na mwenzake, akaungwa mkono na mwingine, na jina lake likatangazwa mapema ili wote walijue. Wanachama hukutana, akidi ikatimia, kura zikapigwa na kuhesabiwa mbele ya mashahidi. Aliyeshinda hukaa kwa muda uliotajwa katika katiba. Muda ukiisha, hana budi kurejea kwa wale wale waliompa kiti. Katika njia ya uteuzi, mwenye mamlaka humwandikia mtu barua, na mtu huyo akawa mjumbe. Huyu naye huwajibika, lakini uwajibikaji wake huelekea kwa aliyeandika barua. Sheria ya Vyama ya Kenya ya mwaka 1968 iliutambua uzito wa jambo hili: ilitaka katiba ya kila chama kinachoandikishwa itaje wazi jinsi viongozi watakavyochaguliwa au kuteuliwa, muda wao, na jinsi watakavyoondolewa.

Kamati ya Lugha haikuzaliwa na chama cha wanachama. Asili yake ni mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, ambapo watawala na wamisionari walijadili lugha ya kufundishia na upungufu wa vitabu vya shule. Mwaka 1928 mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, na mtaalamu wa Kijerumani wa lugha za Kibantu, Carl Meinhof, alikuwapo. Hapo ndipo Kiunguja kilipokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ingawa wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekitetea Kimvita. Kamati yenyewe ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Nchi zilizohusika zilikuwa nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Wajumbe wa mwanzo walikuwa 17. Wakurugenzi wa elimu wa nchi hizo waliingia kwa nyadhifa zao. Wengine waliteuliwa na serikali, na wamisionari walikuwa miongoni mwao. Katika wajumbe hao hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Hapakuwa na mshairi wa Lamu wala wa Mombasa, wala mwanachuoni wa Unguja ambaye lahaja yake ndiyo iliyokuwa imechukuliwa kuwa kipimo. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kauli hiyo yaweza kusomwa kama maelezo kamili ya kumbukumbu za miaka ile.

Matokeo yake hayakukawia. Kitabu cha Kiswahili kilichokusudiwa shule kilipaswa kupitiwa na Kamati ndipo kipate ithibati yake. Hivyo mwandishi aliyezaliwa ndani ya lugha alilazimika kusahihishwa sarufi na watu walioipata lugha hiyo ukubwani. Si kwamba wasahihishaji hao walikuwa wavivu au wajinga; Johnson na wenzake walifanya kazi kubwa, na kamusi zilizotoka katika miaka ya 1930 ni ushahidi wa jitihada hiyo. Lakini palipotokea shaka juu ya neno au muundo, uamuzi ulikatwa na mtu asiyeweza kuondolewa na wasemaji. Mwalimu wa Mombasa aliyeona neno lake limekataliwa hakuwa na mkutano wa kwenda kulalamika, wala kura ya kuizuia mwaka uliofuata. Malalamiko yaliyokosa mlango wakati ule yalikuja kuandikwa baadaye. Mwaka 1977 Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walitoa *Historia ya Kiswahili*, na mwaka huo huo Abdallah Khalid akachapisha kitabu chake cha kudai Kiswahili kikombolewe kutoka mikononi mwa Wazungu. Mtu aweza kutokubaliana na ukali wa Khalid, lakini hawezi kusema kwamba swali lake lilikuwa geni.

Mlango ulifunguliwa pole pole. Mwaka 1939 iliamuliwa kwamba kila nchi iwe na mjumbe Mwafrika, na ilipofika 1946 Waafrika walianza kuhudhuria mikutano. Baadaye Shaaban Robert naye alikuwa miongoni mwa wajumbe. Hata hivyo hapana budi kutofautisha mabadiliko ya nyuso na mabadiliko ya njia. Mjumbe Mwafrika naye alipata kiti kwa uteuzi. Angeweza kusema kwa niaba ya wasemaji wenzake, na bila shaka wengi walifanya hivyo kwa uaminifu. Lakini hao wasemaji hawakuwa wamemtuma.

Huenda msomaji akauliza kama palikuwa na njia nyingine wakati ule. Jibu la haki ni kwamba Kamati ilikuwa kioo cha utawala ulioiunda. Nchini Kenya, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria alikuwa Eliud Mathu, naye aliteuliwa mwaka 1944; Waafrika hawakupiga kura ya kuwachagua wajumbe wao wa Baraza hilo hadi Machi 1957. Serikali iliyowanyima watu kura juu ya kodi na ardhi yao isingewapa kura juu ya viambishi. Lakini maelezo hayo yanaeleza tu, hayahalalishi. Tena hayaelezi kwa nini utaratibu ule ule uliendelea katika vyombo vilivyofuata.

Kamati ilihamahama: kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, na hatimaye ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iliingizwa katika Chuo Kikuu na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Tanzania ilipounda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, mamlaka yalitoka mikononi mwa wageni yakaingia mikononi mwa taifa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, wala lisipuuzwe. Hata hivyo viti viliendelea kujazwa kwa uteuzi, si kwa kura ya waandishi na walimu.

Kwamba wataalamu waweza kujichagulia viongozi, na kwamba kura hiyo ina nguvu, hudhihirika katika taaluma nyingine. Mwaka 1991, Kenya ikiwa bado chini ya chama kimoja, mawakili walimchagua Paul Muite kuwa mwenyekiti wa Chama cha Wanasheria, naye akadai mfumo wa vyama vingi hadharani. Baadhi ya wanachama walikwenda mahakamani ili viongozi hao wasitoe kauli za kisiasa kwa jina la chama. Kwa hiyo kura haikuleta umoja wa mawazo. Ilileta jambo lenye thamani zaidi: mwenyekiti alijua ni nani wanaoweza kumwondoa, na wapinzani wake walijua pa kumkabili. Katiba ya mwaka 2010 iliitia nguvu njia hiyo ilipoagiza kwamba mawakili wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wachaguliwe na mawakili wenzao kuingia Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Bila shaka lugha si taaluma ya sheria. Mawakili wana orodha yao. Wasemaji wa Kiswahili hawana daftari, na neno halifai kukubaliwa au kukataliwa kwa wingi wa mikono. Lakini walimu wana orodha, waandishi wana vyama, na washairi wanajuana. Hao waweza kupendekeza majina na kuyapigia kura. Kila panapozungumzwa kuundwa kwa chombo cha lugha, mjadala huelekea kwenye istilahi, kamusi na fedha, na kifungu cha kupatikana kwa wajumbe huachwa mwisho, kikaandikwa kwa haraka. Historia ya miaka 34 ya Kamati yaonyesha kwamba kifungu hicho ndicho kingetangulia, kwa kuwa mwenye kuandika barua ya uteuzi leo ndiye atakayesikilizwa kesho neno litakapobishaniwa.