Wimbi Ndani ya Kadi: Mzaha na Asili katika Picha za Vibao za Kijapani

Aghalabu maduka ya makumbusho huuza kadi za posta zinazozifanyia mzaha picha za kale za Kijapani. Wimbi kubwa la Hokusai hugeuzwa kuwa povu la kahawa kikombeni. Wanawake wa Utamaro hushikishwa simu za mkononi. Wapo wanaozihukumu kadi hizi kuwa zinaishushia hadhi sanaa tukufu. Hukumu hiyo haina budi kupimwa kwa mizani ya historia.

Picha zenyewe, ziitwazo ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea, zilikuwa bidhaa ya soko katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Msanii alichora, fundi wa pili akachonga vibao vya mbao, wa tatu akachapa, naye mchapishaji akagharimia kazi na kuiuza. Uchapaji wa rangi nyingi ulishamiri kuanzia 1765, wakati wa Suzuki Harunobu. Nakala zilikuwa nyingi na bei yake haikumshinda mkazi wa kawaida wa mji. Wimbi la Hokusai lilitolewa yapata 1831 katika mfululizo wa mandhari 36 za Mlima Fuji. Mfululizo huo ulipopata wanunuzi, picha 10 ziliongezwa, ingawa jina halikubadilishwa. Hivyo basi, anayelalamika kwamba kadi ni nakala anasahau kuwa hata wimbi lenyewe lilizaliwa likiwa nakala.

Mzaha nao si mgeni katika sanaa hii. Harunobu na wenzake waliwavika wahusika wa hadithi za kale mavazi ya wanawake wa mjini, wakamwachia mtazamaji kazi ya kuwatambua. Hiroshige alivichora vituo 53 vya barabara ya Tokaido katika miaka ya 1830. Yapata 1850, Utagawa Kuniyoshi aliviwakilisha vituo hivyo kwa paka, vitendo vyao vikichezea matamshi ya majina ya vituo. Mchezo wa namna hii ungeweza kuwa na gharama. Mnamo 1804 Utamaro alitiwa pingu kwa siku 50 kwa sababu ya picha zilizomhusu mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi.

Kadi ya posta iliingia wakati biashara ya vibao ilipokuwa ikidhoofika mbele ya upigaji picha na mitambo mipya ya uchapaji. Serikali ya Japani ilianza kutoa kadi za posta mnamo 1873, na mwaka 1900 watu binafsi wakaruhusiwa kuchapisha kadi zenye picha. Vita dhidi ya Urusi vya 1904 hadi 1905 viliwasha hamu kubwa ya kuzinunua na kuzikusanya. Baadhi ya kadi hizo zilichapwa kwa vibao vile vile vya mbao. Kwa mintarafu hii, kadi inastahili kuitwa mrithi wa ukiyo-e: nayo ni picha ndogo, ya bei nafuu, inayopita mkono hadi mkono.

Hata hivyo, urithi huu una hasara yake. Picha ya Hokusai ina upana wa takriban sentimita 37. Kadi ya kawaida haizidi sana 15. Chini ya wimbi mna mashua tatu, na ndani yake wapiga makasia walioinama wakisubiri kufunikwa na maji. Jina la picha, lililoandikwa pembeni, lamwelekeza mtazamaji huko huko chini ya wimbi. Picha inapopunguzwa na jina kukatwa, watu hao huyeyuka, hofu hutoweka, na wimbi hubaki pambo.

Hapa ndipo mhakiki anapopata kipimo. Paka wa Kuniyoshi humchekesha kikamilifu yule tu avijuaye vituo. Mzaha wake unamdai mtazamaji kumbukumbu. Tangu Julai 2024, wimbi la Hokusai limo nyuma ya noti ya Japani ya yeni 1,000, na wanaolitambua ni wengi kuliko wakati wowote. Lakini kulitambua wimbi si kuijua picha. Kadi inayowakumbuka wapiga makasia, hata kwa kuwacheka, inaendeleza mchezo ulioanzia Edo. Ile inayowafuta inauza rangi ya buluu tu.