Grisi, Bati na Bendeji ya Pembetatu

Tarehe 21 Oktoba 1976, kikundi cha vijana wa Fairfax, California, na vitongoji vyake kilipandisha baiskeli juu ya Pine Mountain ili kushindana kuteremka. Njia ilikuwa ya udongo na mawe, ikishuka kiasi cha mita 400 katika umbali usiofika kilomita nne. Baiskeli zenyewe zilikuwa kuukuu, nyingi za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye breki ya kukanyagia nyuma. Zilipofika bondeni, grisi ndani ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeungua na kutoka moshi, na ilibidi pafunguliwe pajazwe grisi upya. Kule kujaza upya ndiko kulikoipa njia ile jina lake, Repack. Kila udhaifu wa chuma ulipata jibu mapema: mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mahususi kwa mteremko, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua kampuni ya kuuza baiskeli za milimani. Katika mchezo huo ukajengeka utamaduni mzuri wa kujitegemea: mwendeshaji hubeba pampu, viraka na spana, na tairi likipasuka huliziba mwenyewe. Hata hivyo utamaduni huo huo hupotosha unapohamishiwa kwenye mwili. Baiskeli iliyoharibika hutengenezwa na mwenyewe. Mtu aliyevunjika hutengenezwa na mwenzake. Ndiyo maana nashikilia kwamba maandalizi ya huduma ya kwanza kwenye njia za mbali hayapimwi kwa kilichomo begini, hupimwa kwa kile anachokijua mtu anayeendesha nyuma yako.

Tangu mwanzo, historia ya huduma ya kwanza iko upande huo. Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa Kiel, Ujerumani, alishuhudia vitani gharama ya kumsubiri daktari aliye mbali. Bendeji yake ya pembetatu ilichapwa michoro juu ya kitambaa chenyewe, ikionyesha namna ya kufunga kichwa, bega, mkono na goti. Kama kifaa kingetosha, kazi yake ingekuwa imekwisha hapo. Lakini mwaka 1882 alianzisha chama cha kuwafundisha raia wa kawaida. Uingereza nayo ilikuwa na chama cha St John, kilichoundwa mwaka 1877, na mwaka uliofuata madarasa yalianza Woolwich chini ya Peter Shepherd, daktari wa jeshi. Mafunzo hayo yalienea haraka migodini na kwenye reli, kwa sababu inayoeleweka: mgodini, kama mlimani, anayekufikia kwanza ni yule mliyekuwa naye kazini. Shepherd mwenyewe aliuawa Isandlwana, katika nchi ya Wazulu, Januari 1879, alipokuwa akimhudumia majeruhi. Mwaka 1888 ndipo Johnson & Johnson walipoanza kuuza masanduku ya huduma ya kwanza, yakilenga wafanyakazi wa reli wa Marekani. Darasa lilitangulia sanduku kwa miaka kumi.

Waendesha baiskeli wa milimani walikuwa na mfano wa karibu zaidi, wa watelezaji wa theluji. Januari 1936, huko Stowe, Vermont, Charles Minot Dole alivunjika kifundo cha mguu mlimani. Rafiki yake Frank Edson na wenzake walimteremsha kwa kumburuta juu ya bati la kuezekea. Miezi michache baadaye Edson naye alikufa kwa ajali ya mashindano. Mwaka 1938 Dole akaunda National Ski Patrol, kikosi cha watelezaji waliofunzwa kuwahudumia watelezaji wenzao. Naona uzito mkubwa katika uamuzi huo. Bati lilipatikana, kwa hiyo lililokosekana halikuwa kifaa. Walikosekana watu waliojua la kufanya.

Wapo wanaoogopa kwamba asiye daktari ataleta madhara zaidi. Hofu hiyo haikuzuka bure, na mkasa wa mkanda wa kukaza mguu au mkono ili kuzuia damu unaieleza vizuri. Jean-Louis Petit aliutengenezea skrubu mwaka 1718, na madaktari wakautumia kwa vizazi. Ila katika sehemu kubwa ya karne ya 20 raia walifundishwa kuuogopa, kwa kuwa ukikaa muda mrefu unaweza kuua kiungo. Ushahidi wa vita vya Iraki na Afghanistan ukageuza hukumu, na mwaka 2015 Marekani ikazindua kampeni ya Stop the Bleed ya kuwafundisha raia kuutumia. Atakayepinga atasema: saa mbili zinazohesabiwa kuwa salama hupita upesi porini. Ni kweli, na ndiyo sababu mafunzo yanahitajika: kujaribu kwanza kugandamiza jeraha kwa nguvu, kuutambua mvujo usiozuilika kwa mkono, kuandika saa mkanda ulipokazwa. Damu ya mshipa mkubwa humaliza uhai kwa dakika chache, na maiti haina mguu wa kuokoa. Nakubali pia kwamba wengi wanaoanguka huambulia michubuko au mtulinga uliovunjika. Kwa mtulinga, bendeji ya Esmarch bado inatosha, mradi yupo anayejua kuifunga.

Siku hizi zipo simu zinazoita msaada kwa setilaiti, na ni neema kubwa. Zimefupisha muda wa kuita, wala hazijaifupisha njia ya waokoaji. Baina ya wito na kufika kwao majeruhi yumo mikononi mwa mwenzake, kama alivyokuwa Dole mwaka 1936. Basi kabla hujanunua begi jipya la dawa, jiandikishe darasani, na umpeleke na yule mnayeendesha naye.