Mnyororo wa Udongo wa Usukuma

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, bingwa wa udongo wa kituo cha Amani, aliupa mfuatano wa udongo, toka kilimani hata bondeni, jina la Kilatini: katena, yaani mnyororo. Wasukuma wa Shinyanga, na wale waliohamia Geita, walikwisha zitaja pete zake: luseni, mchanga unywao mvua upesi, itogolo, ardhi ngumu iyazuiayo maji yasizame, na mbuga, udongo mweusi uvimbao kwa maji na kupasuka kwa jua. Kwa elimu hiyo hujengwa majaruba ya mpunga, huko chini. Jina la Kilatini ndilo lililoenea ulimwenguni. Wakadiriaji wa mito wa leo nao huigawa nchi kwa mteremko, udongo na mimea, kisha huihesabia kila sehemu mvua yake.