Bwawa la Leta, bwawa la nkambo

Kila mwaka, Septemba ikifika na Lubumbashi ikijaa vumbi na moshi wa majani yanayochomwa, mimi hupanda gari kwenda kijijini, upande wa barabara ya Kasenga. Kazi ni ile ile: kumwaga maji ya bwawa, kutoa matope, kuyapeleka kwenye bustani, kutengeneza ukingo mbele mvua ianguke. Wenzangu wa promosheni wananicheka: mtu wa lisansi mzima, matope mpaka magotini! Lakini bwawa hili lilikuwa limekufa mbele baba yangu azaliwe. Na mtu aliyekataa lifufuliwe ni nkambo wangu mwenyewe.

Mwaka niliomaliza masomo nilifika kwake na plani nzuri kwenye karatasi. Nkambo alitazama ile shimo yenye majani, akaniambia: «Mutoto, ile haiko yetu. Ilikuwaka ya Leta. Baba yangu aliichimbaka juu ya kuogopa fimbo, haiko juu ya samaki.»

Nilinyamaza. Juu katika memwari yangu nilikuwa nimeandika kinyume: kwamba kisha uhuru watu waliacha mabwawa kwa sababu hawakuelewa tekniki. Hivyo ndivyo nilivyosoma, na hivyo ndivyo nilivyorudilia bila kuuliza mzee hata mmoja. Ndugu na dada, tuliosoma tuko na ile ugonjwa.

Basi nikaanza kutafuta. Hadithi yenyewe inaanza mtoni. Watu wa migodi ya Katanga walihitaji chakula, na samaki wengi walitoka Kasenga, kwenye Luapula, ambako wafanyabiashara Wagiriki walikuwa wananunua na kupeleka Élisabethville. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu. Wakati wa mvua mpumbu hupanda mtoni kutaga mayai, na ndipo nyavu zilikuwa zinamngoja. Ukivua mama pamoja na mayai yake kila mwaka, hesabu ni rahisi: kufika miaka ya 1950, mpumbu alikuwa karibu kwisha.

Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilianza kusukuma ufugaji wa samaki. Pale Kipopo, karibu na Lubumbashi, wataalamu walijaribu tilapia wa kwetu: macrochir, ambaye watu wa Luapula wanamwita pale na ambaye anakula vitu vidogo vya majini, pamoja na rendalli, anayekula majani. Mmoja hamnyang'anyi mwenzake chakula. Katika sayansi, ilikuwa kazi nzuri. Mwaka 1949 kulifanyika hata mkutano wa Waingereza na Wabelgiji juu ya mabwawa, hapahapa Élisabethville. Mwisho wa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000.

Ile namba ndiyo tunapenda kuisema. Hatusemi yalichimbwa namna gani. Tangu 1917 mwanakijiji alilazimishwa kulima yale Leta inataka, pamba zaidi, na dekreti ya 1933 iliruhusu kumchukulia siku 60 kwa mwaka. Kwa mtu aliyezoea moniteri wa kilimo kupita akipima shamba lake na kumtishia jela, amri ya kuchimba bwawa ilikuwa pamba ingine tu, pamba yenye maji. Nkambo alikuwa kijana, akibeba udongo kwa kitunga nyuma ya baba yake. Kapita alihesabu mabwawa. Hakuna aliyehesabu samaki katika sahani.

Halafu 1960 ikafika, maagronomu wa kizungu wakaenda. Tena tilapia ana tabia yake: akiwa na miezi mitatu hivi, anaanza kuzaa. Usipomwaga bwawa na kupunguza, wanajaa, chakula kinawagawanyikia, wote wanabaki wadogo kama kidole. Kumwaga na kusafisha ni kazi ya mikono mingi. Nani atajitolea kufanya bure kazi aliyofanyishwa kwa fimbo? Watu walielewa vizuri kabisa. Walichagua.

Nkambo alikubali mwishowe, kwa sharti moja: bwawa liwe la nyumba yetu, na mtu asije kulihesabu. Nikachimba na wadogo zangu. Lakini mwaka wa kwanza, kwa kiburi cha diplome, sikumwaga. Nilitaka samaki wakue zaidi. Mwaka uliofuata tulipofungua maji, walikuwa wengi sana, kila mmoja kama kidole. Nkambo alikaa kwenye ukingo, akacheka mpaka akakohoa: «Weye na Leta, muko sawasawa.»

Tangu hapo tunafuata kalenda. Juni na Julai baridi ya Katanga inapunguza hamu ya samaki, kwa hiyo hatutegemei wanenepe. Septemba maji yakiwa kidogo, tunamwaga, tunakula, tunauza, tunachunga watoto wa samaki katika kishimo cha pembeni. Bwawa linakaa kwenye jua mpaka udongo unapasuka. Matope yanaenda kwenye lengalenga na matembele ya mama; hakuna mbolea ya duka inayopita ile. Tunaziba matundu ya kaa, tunajaza kona moja majani na mavi ya mbuzi, tumeifunga kwa miti. Mvua za kwanza zikileta maji, tunarudisha samaki wawili kwa kila meta ya mraba, si zaidi.

Wewe unayemaliza agronomia mwaka huu, utatumwa kijijini na mradi fulani, na utakuta mashimo yenye majani. Mbele ya kuandika kwamba watu hawajui, uliza nani alichimba, na nani aliamuru. Memwari yangu iko kwenye rafu ya bibliotheki na siwezi tena kuisahihisha. Ndiyo sababu nimeandika hii.

Jumamosi hii tunamwaga. Nkambo hawezi tena kushuka bondeni kwa miguu, tutamsukuma kwa kinga. Amekwisha kuuliza mara mbili kama chumvi iko.