Sura na Jina: Usomaji wa Vibao vya Nadhiri vya Senuna

Mnamo mwaka wa 2002, katika shamba moja karibu na kijiji cha Ashwell, kaskazini mwa London, ilifukuliwa hazina ya vitu 27 vya dhahabu na fedha vya enzi ya Kirumi. Vingi kati yavyo ni vibao vya nadhiri, yaani mabati membamba yaliyofuliwa kwa umbo la jani, ambayo waumini waliyatoa kwa miungu yao. Avitazamaye hukiri mara moja kwamba aliyechorwa ni Minerva, mungu wa kike wa Warumi: kofia ya vita kichwani, mkuki na ngao mkononi. Avisomaye, hata hivyo, hukuta kwenye baadhi yavyo jina jingine: Senuna, ambaye hakuna mwanahistoria aliyemjua kabla ya hapo.

Tacitus, katika Germania (98), aliiita desturi ya kuwapa miungu wa kigeni majina ya Kirumi tafsiri ya Kirumi. Ni rahisi kuiona tafsiri hiyo kuwa kumezwa kwa dini ya mtawaliwa. Vibao vya Ashwell vinaupinga usomaji huo. Hapa sura ndiyo iliyoazimwa. Jina limebaki la wenyeji. Tena, lililolihifadhi jina hilo ni maandishi ya Kilatini, lugha ya mtawala mwenyewe. Kwenye kitako cha sanamu ya fedha iliyokuwa ya hazina hiyo, Flavia Cunoris ameandika kwamba ametimiza nadhiri yake kwa Senuna kwa hiari. Mwanamke huyo naye ana jina la Kirumi na la Kikelti kwa pamoja.

Umbo la jani halikufa na miungu hao. Hazina ya Water Newton, iliyopatikana mwaka wa 1975, ina vibao vya fedha vya namna hiyo vya karne ya 4, vyenye herufi mbili za mwanzo za jina la Kristo kwa Kigiriki. Iamcilla naye anatangaza kwenye kimojawapo kwamba ametimiza nadhiri aliyoiahidi.

Ni dhahiri, basi, kwamba taswira peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa imani. Bila herufi chache zile, Senuna angeorodheshwa kuwa Minerva. Mhakiki anapokutana na kibao cha Minerva kisicho na maandishi, hana budi kujiuliza ni nani aliyekuwa akiombwa.