Kanisa Lililojengwa Sokoni

Wewe usomaye haya huko Maua bila shaka umepita mjini siku ya soko. Umeona ndizi na viazi vikipangwa chini, mabunda ya miraa yakifungwa upesi ili yawahi gari, na watu wakivutana bei kwa sauti kubwa. Na siku ya Jumapili umesikia nyimbo za kanisani zikivuka barabara ile ile. Kwetu soko na kanisa ni majirani, wala hatuoni ajabu. Lakini leo nataka ufuatane nami hadi mji ambao kanisa lake halikujengwa kando ya soko, bali juu yake. Na waliouzwa katika soko hilo walikuwa wanadamu.

Tushuke hadi Mombasa, tuvuke bahari, tufike Unguja mjini. Katika mtaa wa Mkunazini, karibu na soko la Darajani, njia hujaa watu tangu asubuhi. Makondakta huita abiria, wachuuzi hutandaza bidhaa zao, na saa ya sala ikifika, adhana husikika kutoka misikiti iliyo jirani. Ukipita langoni, kelele hupungua. Mbele yako limesimama Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mnara wenye saa. Usiingie kwa haraka. Simama kwanza ujiulize: Je, mahali hapa palikuwa nini?

Hapa palikuwa soko la watumwa. Waliletwa kwa majahazi kutoka bara, wengi wao wakiwa wametembea kwa miguu kutoka nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko hadi pwani. Walipangwa kwa safu, wakakaguliwa meno na viungo kama mifugo, wakauzwa. Wengine walipelekwa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na wengine wakavushwa hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza waliotishia kuizingira nchi yake kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa kuifunga biashara hiyo ya baharini na masoko yake. Kiwanja kikaingia mikononi mwa wamishenari wa Kiingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi wa kanisa likawekwa.

Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu. Sasa ingia ndani, utazame juu. Paa halikutegemezwa kwa boriti, bali ni kuba ndefu iliyojengwa kwa vipande vya matumbawe na saruji. Mbele ya madhabahu pana duara jeupe sakafuni, lililozungukwa kwa rangi nyekundu; yasimuliwa kwamba hapo ndipo watumwa walipofungwa na kupigwa viboko. Pana pia msalaba wa mti uliotoka Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Karibu na mlango utaona nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa hayupo. Watalii husikia kisa hicho wakacheka. Mimi nakuomba uzitazame tena nguzo hizo. Jina la askofu tunalijua, na kaburi lake tunaoneshwa. Lakini waliozibeba na kuzisimamisha ni nani? Kosa lao limekumbukwa, majina yao yamesahauliwa.

Hata hivyo si wote waliosahauliwa. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, aliyekamatwa akiwa mtoto akafanywa mtumwa, kisha akakombolewa na kulelewa na misheni. Mwaka 1890 alipewa upadri katika kanisa hili, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika misheni hiyo. Hebu fikiri: mtoto wa namna ile ile iliyokuwa ikiuzwa kiwanjani hapa, sasa amesimama mahali pale pale akiwabariki watu.

Ungeweza kufunga kitabu hapa, ukasema kwamba ubaya ulishindwa, mambo yakaisha. Mwanafunzi wa historia asikubali upesi hivyo. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufungwa. Waumini walipokuwa wakiimba chini ya kuba hii, watumwa walikuwa bado wakichuma karafuu mashambani. Amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria haikutolewa hadi mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka lilipowekwa jiwe la msingi aliweza kuwa mtu mzima wa miaka 36 kabla sheria haijamfikia.

Jambo la pili la kupima liko jirani na kanisa. Chini ya nyumba iliyokuwa hospitali ya misheni pana vyumba vya giza, navyo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Lakini nyumba hiyo ilijengwa baada ya soko kufungwa, na kwa sababu hiyo wako wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo. Kushuku chumba si kukana mateso. Mateso yana ushahidi wa kutosha, wala hayahitaji kuongezewa.

Labda utauliza: haya yanihusu nini mimi wa Maua? Yanakuhusu kwa lugha hii unayoisoma. Steere alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Unguja, akaandika kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka 1870, na vijana waliokombolewa walifanya kazi katika mtambo wa kupigia chapa wa misheni. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Basi katika maneno unayoandika daftarini mwako yamo pia maneno ya watu waliopita katika mji ule, walio huru na waliouzwa.

Ukitoka nje utakuta shimo lililojengewa kwa mawe, na ndani yake sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Hazikupewa majina. Zitazame usoni moja moja, kisha urudi nyumbani. Na Jumapili ijayo, ukiingia katika kanisa la kwenu, usisome jiwe la msingi peke yake. Mwendee mzee mmoja umwulize ni nani aliyechota maji, ni nani aliyebeba mawe, na mahali hapo palikuwa nini zamani. Andika majibu yake angali hai.