Maji Matamu ya Pikipiki

Kaka yangu alinunua pikipiki ya mtumba, ile aina kubwa yenye rejeta, si hizi za bodaboda ambazo silinda yake ina mapezi ya kupozwa na upepo. Wiki ya tatu ikachemsha Barabara ya Kilwa, katikati ya foleni, mvuke ukamtoka miguuni kama amekalia sufuria ya ubwabwa. Fundi mmoja wa pale pale njiani akamwambia: "Weka maji tu, braza. Maji ni maji." Akaweka ya kisima, haya yetu ya Mbagala yenye chumvi. Ndugu msomaji, kisa changu kinaanzia kwenye maneno hayo matatu.

Kwa sababu kuna wakati yalikuwa kweli. Mwaka 1908 huko Yorkshire, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Alfred Angas Scott alianza kuuza pikipiki ya silinda mbili iliyopozwa kwa maji, wakati wenzake karibu wote walitegemea upepo. Haikuwa hata na pampu. Maji yakipata moto hupanda, yakipoa ndani ya rejeta hushuka, basi, yanajizungukia yenyewe. Pikipiki za Scott zikashinda mbio za Senior TT kule Isle of Man mwaka 1912, zikarudia 1913. Hata hivyo wengi wakabaki na upepo kwa miaka mingi. Upepo ni bure, tena hauvuji.

Mwaka 1971 Suzuki wakatoa GT750, silinda tatu na rejeta mbele kama gari. Waingereza wakaibatiza Birika, Wamarekani wakaiita Nyati Maji. (Mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza, jina la utani kama hilo naliona ni zawadi.) Honda nao wakaleta GL1000, ikaanza kuuzwa 1975, na tangu hapo rejeta kwenye pikipiki kubwa si ajabu tena.

Jumapili tukaamua kuyabadilisha wenyewe, uani. Tulisubiri kwanza injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta ukiufungua ya moto, maji yaliyobanwa humo hukurukia usoni, na hapo hakuna cha ufundi. "Dogo, shika karai," kaka akasema, akalegeza boliti ya chini ya pampu ya maji. Yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala siku mbili, yenye tope la kahawia na magamba meupe. Kisima chetu hicho! Chumvi ilikuwa inaitafuna injini kwa ndani. Tukasuuza mara tatu kwa maji safi, kisha tukachanganya koolanti ya kijani nusu kwa nusu na maji ya betri yale yasiyo na asidi.

Kaka akauliza swali ambalo hata mimi lilinikwama: "Sisi barafu tunaiona kwenye friji tu. Hii dawa ya kuzuia maji yasigande ya nini?" Jibu nililipata baadaye kwa kusoma. Ndani yake mna glikoli, iliyotengenezwa kwanza na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz mwaka 1856. Yenyewe huchemka kwenye nyuzi 197 za Selsiasi. Ukiichanganya nusu na maji, mchanganyiko haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Hilo la baridi halituhusu, lakini pia huchelewa kuchemka kuliko maji matupu. Isitoshe, watengenezaji huongeza dawa za kulinda chuma na alumini visiliwe. Kwa Dar es Salaam hiyo ndiyo faida. Ile ya barafu ni ya Wazungu.

Tukajaza polepole, tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi, kaka akiminyaminya mipira ili hewa itoke. Viputo vikaisha. Tukafunga, tukapeana mikono.

Yaliyobaki nikayamimina kwenye chupa ya soda, nikaiacha kizingitini. Nakiri, ni mimi, si kaka.

Mtoto wa mpangaji wa chumba cha pili ana miaka minne. Mama yake alimkuta ameishika kwa mikono miwili, ameshaifungua. "Soda gani hii haina povu?" akaniuliza, akiwa bado hajakasirika. Nilipomwambia ni dawa ya pikipiki, akambeba mtoto, akamnusa mdomo, akamlamba midomo kabla sijamzuia. Hakuonja kitu. Mtoto alikuwa hajafikia kunywa.

Usiku ule sikulala, ndiyo maana nikasoma. Jina glikoli asili yake ni neno la Kigiriki la utamu. Ni tamu kweli, wallahi, na hapo ndipo ubaya wake. Ukiinywa, ini huigeuza kuwa asidi, na fuwele zinazotokea huziba figo. Binamu yake, dietilini glikoli, aliwahi kutiwa kwenye dawa ya maji ya kutibu maambukizi huko Marekani mwaka 1937, yenye ladha ya matunda. Watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto. Mwaka 1938 ikapitishwa sheria kwamba dawa ithibitishwe ni salama kabla ya kuuzwa. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wa koolanti hutia kitu kichungu sana kiitwacho denatoniamu, ili anayeonja ateme. Chupa yetu niliigeuza pande zote nikaisoma. Haikutaja chochote cha namna hiyo.

Yale machafu ya karai, pamoja na yaliyobaki, yako kwenye galoni juu ya kabati, karibu na daftari za riwaya. Nimeandika SUMU kwa herufi kubwa pande mbili. Gereji nilikoyapeleka walicheka, wakaniambia nimwage mtaroni. Mtaro wenyewe unapita nyuma ya chumba cha pili.